Kuishtaki serikali yako nje ya nchi: Arusha, Banjul au Geneva?

Mtu akidhulumiwa na dola na kugonga mwamba katika mahakama za nyumbani, mara nyingi huambiwa neno moja tu: nenda Arusha. Ushauri huo haujitoshelezi, kwa sababu Arusha kuna mahakama mbili zisizohusiana. Moja ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nyingine ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, chombo cha Umoja wa Afrika. Mbali na hizo ipo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Banjul, Gambia, na zipo kamati za Umoja wa Mataifa zinazokutana Geneva. Ukikosea pa kupeleka shauri unaweza kupoteza miaka, na mara nyingine unapoteza haki yenyewe kwa sababu muda wa kwenda kwingine umekwisha.

Watu wengi huchagua kwa ukubwa wa jina. Mimi nasema anza na swali jingine: serikali yako imekubali nini, imekataa nini, na imejitoa wapi? Vyombo hivi vyote viliundwa na serikali na vinaendeshwa kwa fedha za serikali, na karibu kila kimoja kimepunguzwa makali mahali fulani baada ya kugusa maslahi ya wakubwa wa nchi fulani. Ukijua kilipunguzwa wapi na kwa nini, utajua kama kinakufaa.

Mahakama ya Afrika: sheria nzuri, wachache wanaoruhusiwa kuingia

Kwa maandishi, hii ndiyo bora kuliko zote. Itifaki iliyoiunda ilipitishwa Ouagadougou mwaka 1998 na kuanza kufanya kazi mwaka 2004. Ina majaji 11, na jaji hasikilizi shauri linaloihusu nchi yake. Haitozi ada ya kufungua shauri. Hukumu zake zinaifunga serikali, na inaweza kuamuru fidia au kuitaka nchi ibadili sheria.

Tatizo liko katika ibara ya 34(6) ya Itifaki. Nchi inaweza kuridhia Itifaki yote na bado raia wake wasiruhusiwe kufungua shauri moja kwa moja, mpaka serikali itoe tamko la ziada la kuwaruhusu. Kati ya nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mbili tu zilizowahi kutoa tamko hilo, Tanzania na Rwanda. Zote mbili zimeliondoa.

Rwanda iliondoa mwaka 2016, wakati shauri la mwanasiasa wa upinzani Victoire Ingabire likiwa mbele ya majaji. Mahakama ikasema nchi ina haki ya kujitoa, lakini kujitoa huko kunaanza kufanya kazi baada ya mwaka mmoja na hakuyagusi mashauri yaliyokwisha kufunguliwa. Mwaka 2017 ikatoa hukumu na kuona kwamba haki yake ya kutoa maoni ilivunjwa.

Tanzania ilitoa tamko mwaka 2010, na nchi iliyokuwa mwenyeji wa mahakama ikawa pia nchi iliyoshtakiwa kuliko nyingine zote. Juni 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila pamoja na Chama cha Wanasheria wa Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, majaji walisema kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu (hapa nauita Mkataba wa Afrika). Baada ya hapo yakaja mashauri mengi ya wafungwa waliolalamika kwamba walihukumiwa vifungo virefu bila kuwa na wakili. Novemba 2019 serikali ikatoa taarifa ya kuondoa tamko, ikidai masharti iliyoyaweka wakati wa kulitoa hayakuheshimiwa. Siku chache tu baadaye, tarehe 28 Novemba, mahakama ikatoa hukumu katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, kwamba adhabu ya kifo ambayo jaji haruhusiwi kuipima, anaitamka tu kwa sababu sheria imesema, inavunja haki ya kuishi.

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Julai 2020 mahakama hiyo ilisema kifungu cha Katiba ya Tanzania kinachozuia matokeo ya urais kuhojiwa mahakamani kinakiuka Mkataba wa Afrika, na Juni 2023 ikaamua shauri la wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi. Mtu akisoma habari kama hizo anadhani Mtanzania bado anaweza kwenda. Hapana. Hayo ni mashauri yaliyofunguliwa kabla ya kujitoa kuanza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Aliyedhulumiwa baada ya tarehe hiyo hana njia ya moja kwa moja.

Benin na Ivory Coast zilifuata mkondo huo huo mwaka 2020. Ivory Coast ilijitoa siku chache baada ya mahakama kuamuru hati ya kumkamata waziri mkuu wa zamani Guillaume Soro isitishwe. Tunisia ikatoa taarifa ya kujitoa mwaka 2025. Ukiyapanga matukio haya kwa tarehe unaona kwamba kilichozikimbiza serikali si gharama wala umbali. Ni kesi za uchaguzi, za wapinzani na za adhabu ya kifo, mambo yanayogusa nani anashika madaraka na anayatumia namna gani.

Kenya, Uganda, Burundi na Kongo (ya Kinshasa) zimeridhia Itifaki bila kutoa tamko. Kwa raia wa nchi hizi, na sasa kwa Mtanzania na Mnyarwanda, imebaki njia ya kuzunguka: unalalamika kwa Tume ya Banjul, nayo ikiona inafaa inalipeleka shauri mahakamani kwa jina lake. Ndivyo walivyofanya Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya. Walipewa notisi ya siku 30 ya kuondoka mwaka 2009, Tume ikaishtaki Kenya Arusha mwaka 2012, hukumu ya ushindi ikatoka Mei 2017, na Juni 2022 mahakama ikaamuru fidia ya jumla ya shilingi 157,850,000 za Kenya pamoja na kurudishiwa ardhi ya mababu kwa hati ya pamoja. Novemba 2023 familia za Waogiek zilikuwa zinaondolewa tena msituni. Njia hiyo ipo, lakini Tume ndiyo inayochagua, na mashauri iliyowahi kuyapeleka ni machache mno.

Serikali zenyewe hazina kizuizi hicho. Kongo iliishtaki Rwanda katika mahakama hii kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo, na Juni 2025 majaji wakasema wana mamlaka ya kulisikiliza shauri hilo. Mkazi wa Goma hawezi kulifungua yeye mwenyewe. Anategemea dola yake iendelee kuona faida ya kulisukuma.

Mahakama ya Afrika Mashariki: haichagui nani aingie, ila miezi miwili tu

Nenda mitaa michache ndani ya Arusha hiyo hiyo na mambo yanabadilika. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupinga sheria, kanuni, uamuzi au kitendo cha serikali. Hakuna tamko la ziada. Huhitaji kwanza kupanda ngazi zote za mahakama za nyumbani, na si lazima uwe wewe uliyeumizwa.

Ila shauri lazima uliandae kwa namna yake. Nchi wanachama hazijapitisha itifaki ya kuipa mahakama hii mamlaka kamili ya haki za binadamu, ambayo Mkataba wenyewe uliahidi katika ibara ya 27(2). Hivyo huendi kusema "haki yangu imevunjwa" na kuishia hapo. Unasema serikali imekiuka ibara ya 6(d) na 7(2) za Mkataba, zinazodai utawala bora na utawala wa sheria. Majaji waliikubali njia hii mwaka 2007 katika shauri la James Katabazi dhidi ya Uganda, lililohusu washtakiwa wa uhaini waliopewa dhamana na Mahakama Kuu ya Kampala kisha wakakamatwa upya na askari waliolizunguka jengo la mahakama. Tangu hapo imezaa matunda. Mwaka 2014 mahakama ilizuia barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti. Mwaka 2019 ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania vinakiuka Mkataba, na Machi 2022 ikasema hivyo hivyo kuhusu Sheria ya Vyama vya Siasa.

Sasa tazama ilivyopunguzwa, kwa sababu kisa hiki kila anayefikiria kwenda huko anapaswa kukijua.

Mwaka 2006 Kenya ilipeleka majina tisa ya wabunge wake wa Bunge la Afrika Mashariki. Peter Anyang' Nyong'o na wenzake wakapinga, wakisema majina hayo hayakutokana na uchaguzi kama Mkataba unavyotaka. Tarehe 27 Novemba 2006 mahakama ikaamuru tisa hao wasiapishwe kwanza. Tarehe 30 Novemba wakuu wa nchi walikutana Arusha, na kufikia tarehe 14 Desemba Mkataba ulikuwa umerekebishwa. Chini ya wiki tatu! Wakati huo Jumuiya ilikuwa na nchi tatu tu, na hakuna kati yao iliyosita. Marekebisho yaliigawa mahakama kuwa na ngazi ya awali na ya rufaa, yakaongeza sababu za kumsimamisha au kumwondoa jaji, na yakaweka ukomo ambao haukuwapo: mwananchi afungue shauri ndani ya miezi miwili tangu kitendo kifanyike au tangu alipokijua. Machi 2007 Nyong'o na wenzake walishinda. Mwaka 2008, kwa maombi ya Chama cha Wanasheria cha Afrika Mashariki, majaji walisema marekebisho yale yalifanywa bila wananchi kushirikishwa na hivyo kuukiuka Mkataba, lakini hawakuyafuta. Miezi miwili ikabaki.

Na inauma hasa. Shauri la mateso na mauaji ya Mlima Elgon nchini Kenya lilipokelewa na ngazi ya awali, kisha mwaka 2012 ngazi ya rufaa ikalitupa kwa kuchelewa. Asasi zilizopinga bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga zilifungua shauri Novemba 2020, na Novemba 2023 ngazi ya awali ikalitupa kwa hoja kwamba walipaswa kuja tangu mwaka 2017 ulipotiwa saini mkataba kati ya Uganda na Tanzania. Mtu anayesubiri kwanza rufaa ya nyumbani, jambo ambalo mwanasheria yeyote mwangalifu angemshauri, akifika Arusha anakuta muda ulikwisha zamani. Katika mahakama hii ngoja ngoja huumiza matumbo kwelikweli.

Pia usitarajie haraka. Vijiji vya Loliondo nchini Tanzania vilifungua shauri la kupinga kuondolewa kwenye ardhi yao mwaka 2017 na vikapata amri ya muda mwaka 2018. Juni 2022, hukumu ikiwa bado haijasomwa, alama za mipaka zikawekwa na watu wakaondolewa. Septemba mwaka huo wakashindwa, na Novemba 2023 ngazi ya rufaa ikaifuta hukumu na kuagiza shauri lisikilizwe upya. Sehemu ya ucheleweshaji inatokana na fedha: nchi wanachama ndizo zinazoichangia Jumuiya, baadhi huchelewa au hulimbikiza madeni, na majaji wengi hawakai Arusha muda wote bali huitwa kwa vikao.

Banjul: bila wakili inawezekana, bila subira haiwezekani

Tume ya Banjul ilianza kazi mwaka 1987. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimefungwa na Mkataba wa Afrika, hivyo raia wa nchi hizi hahitaji ruhusa ya ziada. Unaweza kuandika mwenyewe. Unachopaswa kuonyesha ni kwamba umetumia mahakama za nyumbani mpaka mwisho, au kwamba zimekawia kupita kiasi. Mkataba unataka ulalamike ndani ya muda unaofaa bila kuutaja. Ukiweza, usipitishe miezi sita baada ya uamuzi wa mwisho.

Udhaifu wake ni miaka na nguvu. Waendorois wa Ziwa Bogoria nchini Kenya walilalamika mwaka 2003, na uamuzi wa kuwapa haki ukathibitishwa na Umoja wa Afrika Februari 2010. Maamuzi ya Tume ni mapendekezo, na taarifa zake hupita kwanza kwa wakuu wa nchi kabla ya kutangazwa. Yaani washtakiwa wanaisoma ripoti kabla ya walalamikaji.

Shinikizo lilijionyesha wazi kati ya mwaka 2015 na 2018, mawaziri wa nchi za Umoja wa Afrika walipoitaka Tume iivue hadhi ya uangalizi, yaani haki ya kushiriki vikao vyake, asasi moja inayotetea wanawake wapenzi wa jinsia moja. Tume iligoma kwa muda, kisha mwaka 2018 ikakubali. Msimamo wako kuhusu suala lenyewe unaweza kuwa wowote. Kilichonishtua mimi ni walichokiandika mawaziri katika uamuzi wao: kwamba uhuru wa Tume ni wa kiutendaji tu, si uhuru dhidi ya vyombo vilivyoiunda. Msimamo huo unamhusu hata mkulima aliyenyang'anywa shamba.

Kama aliyedhulumiwa ni mtoto, acha Banjul uende kwa Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, iliyoko Maseru, Lesotho. Nayo haihitaji tamko. Mwaka 2011 iliamua shauri la watoto wa Kinubi wa Kenya walionyimwa uraia, na mwaka 2022 lile la wasichana wa Tanzania waliofukuzwa shule kwa sababu ya ujauzito. Inashangaza jinsi inavyosahaulika.

Geneva: tazama orodha kwanza

Umoja wa Mataifa una kamati nyingi, na kila moja ina orodha yake ya nchi zilizokubali malalamiko ya watu binafsi. Kamati ya Haki za Binadamu, inayoshughulikia mateso, uhuru wa kusema na haki ya kusikilizwa, inaweza kupokea lalamiko la Mganda au Mkongo. Tanzania, Kenya, Rwanda na Burundi hazikuridhia itifaki yake ya malalamiko.

Lakini Tanzania iliridhia itifaki ya malalamiko ya mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 2006, na ile ya watu wenye ulemavu mwaka 2009. Wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani, walinufaika na hilo. Waume zao walifariki mwaka 1999 na 2000, na wakwe wakawatoa katika nyumba kwa kutumia sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba sheria hiyo inabagua, lakini ikakataa kuifuta. Mahakama ya Rufani ikaiondoa rufaa yao mwaka 2010 kwa kasoro ya tarehe katika nyaraka za Mahakama Kuu, kosa lisilokuwa lao. Mwaka 2015 kamati ya Geneva ikasema Tanzania imekiuka mkataba, iwape fidia na ibadili sheria za mirathi za kimila.

Kwa nini serikali ile ile ikubali kamati ya wanawake na kukataa ya haki za kiraia? Ninavyoona mimi, lalamiko la mjane haliwezi kusimamisha uchaguzi. Kenya nayo imeikwepa hata hiyo ya wanawake.

Kwa aliye mahabusu au gerezani bila msingi wa sheria, Geneva kuna Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu kuwekwa kizuizini kiholela. Hakihitaji nchi kuridhia chochote wala kumaliza mahakama za ndani. Maoni yake hayana nguvu ya hukumu, lakini ndugu wanaweza kuandika wao wenyewe.

Kuhusu mahakama ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, iliyokuwa Windhoek, Mtanzania au Mkongo asipoteze muda. Iliamua dhidi ya Zimbabwe katika shauri la mashamba la Mike Campbell mwaka 2008, ikasimamishwa mwaka 2010, na mwaka 2012 wakuu wa nchi wakaamua kwamba itakayofuata isikilize migogoro ya nchi kwa nchi tu.

Uchague ipi?

Kama ni sheria mpya au uamuzi wa serikali uliotangazwa juzi, na unataka utamkwe kuwa batili, nenda Mahakama ya Afrika Mashariki, na uhesabu siku kuanzia siku ya tangazo. Hapa simung'unyi maneno: pamoja na kasoro zake zote, kwa mkazi wa Jumuiya, kati ya vyombo nilivyovitaja hapa, hii ndiyo mahakama pekee iliyobaki ambayo mtu anaingia bila ridhaa mpya ya serikali yake. Kesi ya nyumbani inaweza kuendelea sambamba.

Kama umekwisha kuzunguka mahakama za nyumbani kwa miaka, na unatafuta ardhi au fidia, hasa kwa jamii nzima, Banjul ndiyo njia, na katika maombi yako uitake Tume ilifikishe shauri Arusha. Mjane, mwanamke aliyenyimwa mirathi au mtu mwenye ualbino wa Tanzania atapata usikivu zaidi Geneva. Mganda na Mkongo walioteswa waipime Geneva dhidi ya Banjul kwa kigezo cha muda na cha wakili waliyenaye.

Usipeleke shauri moja kila mahali kwa kudhani utaongeza bahati. Kamati ya wanawake haipokei jambo ambalo limekwisha kuchunguzwa au linachunguzwa na chombo kingine cha kimataifa, na Banjul haipokei lililokwisha kumalizwa kwingine. Kabla ya kuweka saini, mwulize wakili au msaidizi wa kisheria mambo matatu: tarehe ya kitendo ni ipi hasa, nchi hii imeridhia itifaki ipi, na chombo hiki nikikichagua kinanifungia vyombo gani vingine.